Je, wajua ni nini kiliiokoa Toyota isife 1950?

Simama pale Changamwe saa ya jioni uangalie barabara, Hiace za matatu, Probox zimejazwa mizigo mpaka zimelala nyuma, yaani utadhani hii kampuni haijawahi kuona shida. Imeona. Tena ilibaki kidogo tu ifungwe.

1949 Japani ilikuwa bado chini ya Wamarekani baada ya vita, wakaletewa mtu wa benki kutoka Detroit, Joseph Dodge, aje apunguze mfumuko wa bei. Akabana matumizi ya serikali, bei zikatulia kweli lakini pesa nazo zikapotea, waliochukua malori kwa mkopo wakashindwa kulipa na Toyota ikabaki na malori hayana mnunuzi na mishahara haitoki. Mabenki yakakubali kuikopesha ila kwa masharti: mauzo yawe kampuni yake kando, magari yatengenezwe kulingana na yanayouzika, na watu wapunguzwe. Wafanyakazi wakagoma karibu miezi miwili, na Kiichiro Toyoda, mwanzilishi mwenyewe, akajiuzulu Juni 1950.

Mwezi huohuo vita vya Korea vikaanza na jeshi la Marekani likaagiza malori. Hapo tusidanganyane, ilikuwa bahati.

Lakini bahati haielezi miaka iliyofuata. Jamaa hawakuwa na pesa za kujenga kiwanda kama cha Ford, soko lao lilikuwa dogo na lataka aina nyingi za magari kidogokidogo. Sasa mhandisi wao Taiichi Ohno akaangalia kiwanda akaona pesa imelala sakafuni, kwa sababu spea iliyotengenezwa leo ikakaa miezi miwili ni pesa uliyolipa na huwezi kuitumia. Ni kama mwenye duka pale Majengo mwenye mtaji mdogo, hajazi stoo mikate ya wiki nzima, achukua ya leo, ikiisha aongeza. Ohno akafanya hivyo na milango na giaboksi: kila boksi la spea lina kadi, inaitwa kanban, spea ikitumika kadi yarudi nyuma kwa aliyeitengeneza, na bila kadi hutengenezi kitu hata kama umekaa bure.

Ugumu ulikuwa kwenye mashine za kukandamiza bati. Kubadilisha kalibu, kile chuma kinacholipa bati umbo, kulichukua masaa, so kila kiwanda kilipendelea kupiga bati za aina moja nyingi sana ndo kibadilishe. Toyota wakapambana na hilo miaka na miaka mpaka ikawa dakika chache, na hapo ndo kutengeneza kidogokidogo kukaanza kuwa na faida. Mimi naona hii ndio siri yenyewe, kadi watu waipenda kwa sababu ni rahisi kuielezea.

Na si kila mahali mfumo huu waweza kukaa. Hapa kwetu Miritini, Mombasa, kiwanda cha AVA chaunganisha magari kwa vipande vinavyokuja na meli, sasa utaiambia vipi meli iliyo katikati ya bahari ikuletee milango leo mchana? Kule Toyota City, mji wa Japani penye viwanda vyao, watengenezaji spea wengi wako karibu.

2008 soko la Marekani lilipoanguka, kiwanda chao cha San Antonio, Texas kikasimamisha pikapu za Tundra kwa miezi mitatu, lakini wafanyakazi wa kudumu hawakufukuzwa, wakawekwa kwenye mafunzo. Mgomo wa 1950 hawakuusahau.

Halafu Machi 2011 tetemeko na tsunami zikapiga Japani, spea zikakatika, na kule kukosa kuweka akiba kukawauma wenyewe. Wakabadilika tena: chipu za kompyuta za magari wakataka wauzaji wao waweke akiba ya miezi kadhaa. Ndo maana chipu zilipoadimika duniani mwanzo wa 2021 wenzao walifunga viwanda mapema na wao wakaendelea, mpaka mwaka huo wakaipita General Motors (GM), kampuni ya Wamarekani, kwa mauzo huko Marekani kwenyewe. Ila Septemba akiba nayo haikutosha, wakapunguza uzalishaji wa mwezi huo kwa asilimia 40.