Kalsiamu inapiga hodi iko ndani

Bi mkubwa wangu kule Wete akiulizwa mwanawe anafanya kazi gani anajibu "anafyonza vinywele", na wala hajakosea sana.

Seli za mirija ya figo karibu kila moja ina kinywele kimoja tu kimesimama, sie tunakiita silia ya praimari, na kwenye ngozi yake mna milango ya ioni, yani chembe zenye chaji kama kalsiamu, sodiamu na potasiamu. Mie nachukua pipeti nyembamba ya kioo, nakifyonza kinywele chote kiingie, halafu nakinyofoa kwenye seli, basi upande wake wa ndani unabaki wazi kwenye maji ya sahani, hapo naweka kalsiamu kiasi ninachotaka huku mashine inasoma mkondo wa umeme unaobebwa na ioni zinazopita.

Sasa kuna mlango unaitwa polisistini-2, ndo ule ambao jeni yake PKD2 ikiharibika mtu anaota vifuko vya maji kwenye figo. Watu wanauita mlango wa kalsiamu lakini wapitaji wake wakubwa ni potasiamu. Kazi ya kalsiamu pale ni kupiga hodi tena iko ndani ya nyumba, yani kalsiamu ya ndani ikitoka nanomola ikafika maikromola, ambayo ni mara elfu yake, mlango unafunguka mara nyingi zaidi na mkondo unapanda. Jirani yake, mlango unaoitwa TRPM4, ni mzito wa kusikia, kwenye silia anataka mamia ya maikromola ndo aamke, na akiamka anapitisha sodiamu na potasiamu, kalsiamu yenyewe haipiti!

Mamia ya maikromola yatoke wapi? Mtu wa Pemba hili halimpi tabu, bamvua likija bahari kuu huoni kitu ila hori linajaa mpaka kwenye mikoko. Silia ni hori. Vipimo vya 2013 kwenye seli za jicho vilikuta mnamo nanomola 580 ndani ya silia, wakati mwili wa seli una kama 100 tu, na nje huko ni milimola moja na kidogo, mara elfu mbili ya ndani. Piga hesabu: silia ya upana wa maikromita 0.2 na urefu 5, kwa nanomola 580 ina ioni huru za kalsiamu kama 55 hivi. Hamsini na tano! Mlango mmoja ukipitisha pikoampia 1 ya kalsiamu kwa milisekunde moja zimeshaingia 3,000, ingawa nyingi zinadakwa na protini.

PKD2L1, ndugu yake polisistini-2, yeye kalsiamu anaipitisha kweli, na ikiingia mwanzo mkondo unaongezeka, ikirundikana ndani anajifunga mwenyewe.

Ukisoma ripoti imeandika "bila kalsiamu", tazama kwanza kama waliweka EGTA ya kuidaka, mana hata maji yaliyosafishwa na vyombo vya kioo vinaachia kalsiamu ya maikromola kadhaa, na polisistini-2 hiyo inamtosha kabisa.