Senti za tundu zote, bila kuvunja kibubu

Ukitaka kuwa na senti za tundu za Afrika Mashariki za 1921 hadi 1964 zote, aina kwa aina, unahitaji sarafu 16 tu. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi huanza kwa kununua chochote chenye kutu, na baada ya muda wanajikuta na kopo zito ambalo nusu yake ni senti kumi ile ile. Ninaowaona wakifilisika kwenye fani hii huwa hawakuamua tangu mwanzo mkusanyo wao unaanzia wapi na unaishia wapi.

Nazungumzia senti 1, senti 5 na senti 10 za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, ile iliyoundwa London mwaka 1919. Kwa wazee wa Kenya ya tano ni ndururu na ya kumi ni peni. Shilingi ilianza mwaka 1922, baada ya rupia na ile florini iliyopita kama mgeni wa siku mbili. Senti hizi zilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika, Zanzibar ikajiunga mwaka 1936, na vita vilipokuja zikafuata jeshi la Mwingereza hadi Somalia na Eritrea. Aden nayo ilizitumia kuanzia 1951. Kwa hiyo usishangae zikikutokea ndani ya kopo la biskuti la familia iliyohamia Muskati, au kwenye sanduku la muuzaji wa Birmingham ambaye hajui hata Tanga iko upande gani.

Sasa mpaka. Mimi naanzia sarafu za shaba nyeusi za mwaka 1921 na kuishia 1964. Zile za mwaka 1920, za enzi ya florini, naziacha nje makusudi. Nyingi zilirudishwa na kuyeyushwa, na moja tu nzuri inaweza kumeza bajeti ya mkusanyo mzima. Thumuni (senti 50) na shilingi nazo naziacha, maana zile za kabla ya 1948 zina robo ya fedha ndani yake, na muuzaji yeyote mwenye mizani anajua hilo. Senti za tundu ni shaba tupu iliyochanganywa. Hakuna anayezinunua kwa uzito wa madini, na hapo ndipo sisi wenye mifuko mifupi tunapopata nafasi.

Zile 16 zinapatikana hivi. Senti 1 ina aina nne: ya George wa Tano, mbili za George wa Sita, na ya Elizabeth wa Pili. Senti 5 ina sita, na senti 10 sita vilevile, kwa kuwa hizi zinaongeza ya Edward wa Nane na ile ya 1964 isiyo na mfalme wala malkia. Kinachozitofautisha ni maandishi ya ukingoni. George wa Sita anaanza na maneno IND:IMP:, yaani mtawala wa India, na baada ya India kujitawala mwaka 1947 maneno hayo yanafutwa. Kuanzia 1949 unasoma GEORGIVS SEXTVS REX, basi. Dola lilipungua na senti ikaandika. Kwenye senti 1 aina ile ya kwanza ya George wa Sita ilipigwa mwaka 1942 peke yake, kwa hiyo ukiikuta inasomeka usiiache ukisema utarudi kesho.

Kwa Edward wa Nane inafaa tusimame kidogo. Alishika kiti Januari 1936 na kukiachia Desemba mwaka huohuo, hata kutawazwa hakutawazwa. Kwao Uingereza sarafu zenye sura yake hazikuwahi kutolewa rasmi kwa matumizi ya watu, na wakusanyaji wa huko wanalia nazo mpaka leo. Lakini senti yenye tundu katikati haina mahali pa kuweka sura. Ina taji na jina tu, na kubadili jina ni kazi ndogo. Ndiyo maana senti 5 na senti 10 za EDWARDVS VIII zilipigwa kwa wingi na kuletwa kwetu, zikanunua chumvi na viberiti kuanzia Mombasa hadi Kigoma. Sarafu ya mfalme huyo ambayo kabwela wa Afrika Mashariki aliipokea kama chenji, tajiri wa London hakuwa nayo mfukoni. Na bado ni rahisi. Mtu akikutajia bei ya kutisha kwa sababu ya jina lile, mwachie yake, utapata nyingine. Angalia tu usichanganye, kwa kuwa mwaka 1936 ulitoa senti 5 na senti 10 za wafalme wawili. Za George wa Tano zipo pia. Senti 1 ya Edward usiitafute. Senti 1 iliruka kutoka 1935 hadi 1942, na anayekuuzia ya 1936 amekosea kusoma au anakutania.

Ile ya 1964 ndiyo naipenda kuliko zote, ingawa ni ya kawaida kabisa. Nchi zote tatu zilikuwa huru, benki kuu zao zilikuwa hazijafunguliwa, na biashara haiwezi kukaa bila chenji. Wakatoa taji, wakatoa jina la malkia, wakabakiza EAST AFRICA na zile pembe mbili za ndovu zinazokumbatia tundu. Miaka miwili baadaye kila nchi ilikuwa na sarafu zake.

Ukimaliza 16 unaweza kusimama, na hakuna atakayekuambia mkusanyo wako una pengo. Ukitaka kuendelea, hatua inayofuata ni mwaka kwa mwaka, halafu herufi za viwanda vilivyozipiga. Sarafu isiyo na herufi ni ya London. H ni Heaton na KN ni King's Norton, vyote vya Birmingham. Wakati wa vita kazi iligawanywa: I ni Bombay, SA ni Pretoria. Herufi hizi ni ndogo mno na huwa za kwanza kufutika, kwa hiyo nunua kioo cha kukuzia kabla ya kununua albamu. Mwaka mmoja unaweza kuwa na tatu, mfano senti 1 ya 1955, yenye ya London, H na KN. Ushauri wangu: usikimbilie herufi kabla ya miaka. Mara nyingi utagundua kuwa ulizokuwa ukiziita marudio ni viwanda tofauti, na tayari unazo.

Pa kuzipata. Vibanda vya kumbukumbu vya Mji Mkongwe na Mombasa nenda ukaangalie, ujifunze kwa macho, ila bei pale imepangwa kwa ajili ya mtalii. Nimefaidika zaidi na wanunuzi wa vyuma chakavu, mafundi saa, na wauza vitu vya mitumba wenye kisahani cha vikorokoro pembeni. Kwa wauzaji wa nje, senti nyingi za aina hii hazifiki dola moja. Kinachokuumiza ni posta, ambayo inaweza kuwa mara kadhaa ya bei ya sarafu. Hivyo usiagize moja moja. Nunua fungu zima lililochanganywa, la nusu kilo au kilo, litumwe kwa shemeji au binamu aliyeko huko, naye alibebe anapokuja likizo. Marudio utakayoyapata ndiyo mtaji wako wa kubadilishana na wengine. Nina senti kadhaa ambazo sikuzitolea hata shilingi, zilikuja kwa njia hiyo tu.

Kabla sijasahau, zile video zinazodai shilingi ya Nyerere ya 1966 inauzwa mamilioni, na kwamba anayeuza anatakiwa kwanza kutuma "ada ya usajili". Shilingi ile ilitolewa kwa mamilioni ya sarafu. Anayetajirika pale ni mpokea ada. Vilevile, sarafu ya dhahabu ya Wajerumani iliyopigwa Tabora mwaka 1916, ile yenye tembo mbele ya mlima, ukiletewa na mchuuzi ufukweni ni ya bandia, hata usihangaike kuipima. Na visarafu vya shaba vya masultani wa Kilwa, vinavyookotwa magofuni, hivyo ni mali ya kale inayolindwa na sheria. Visinunuliwe kabisa. Uzuri wa senti za tundu ni kwamba haziingii katika hatari yoyote kati ya hizi. Hakuna fundi atakayepoteza siku kughushi kitu cha bei ya andazi.

Hali ya sarafu ndiyo sehemu ambayo pesa hupotea kimyakimya. Senti hizi zilitungwa kwenye kamba, zikafungwa shingoni mwa watoto, zikawekwa kwenye bolti badala ya washa. Hivyo angalia tundu kwanza. Tundu la kiwandani lina kingo nyoofu. Lililokuzwa kwa msumari lina midomo, na lililosagwa na bolti lina mkwaruzo wa duara pembeni yake. Kisha ilaze sarafu juu ya kioo uibonyeze kwa kidole, ikicheza, imepinda. Halafu tazama mistari ya pembe za ndovu na shanga za taji, kwa kuwa huko ndiko uchakavu unakoanzia. Kwa bajeti ndogo mimi nadai mambo matatu tu: mwaka usomeke, jina la mfalme lisomeke, tundu liwe salama. Mng'ao sidai.

Na mng'ao wenyewe una tatizo. Sarafu inayowaka kama dhahabu kibandani imesuguliwa kwa majivu, ndimu au dawa ya kung'arishia shaba, na ngozi yake ya juu imekwenda. Bei yake lazima iwe ya chini. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema usiiguse kabisa. Ikiwa ni mwaka uliokosa na anaitoa kwa bei ya kutupa, ichukue ikushikie nafasi. Shaba itarudi kuwa kahawia yenyewe kwa miaka, na wewe utaibadilisha ukipata nyingine. Ila wewe usisugue. Tope litoe kwa kuloweka kwenye maji yaliyokenekwa (distilled), yale ya kuongezea kwenye betri, si asidi yake, grisi kwa asetoni safi dirishani penye hewa, na ukoko wa kijani kwa mafuta ya zeituni na kijiti cha mbao, taratibu, hata kama itachukua wiki.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine, hewa yenye chumvi. Vifuko vya plastiki laini vinatoa kimiminika kinachokula shaba, vitupe. Tumia bahasha ndogo za karatasi au vile vibao vya kadi vyenye dirisha, uviweke kwenye kopo linaloziba vizuri pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Kwenye kila bahasha andika mwaka, herufi, ulikoipata na ulicholipa. Hilo la mwisho linauma, lakini baada ya muda ndilo litakalokuonyesha kikomo chako cha bei kiwe kipi, na ni muuzaji gani anakupunja.

Mimi kwa sasa nina marudio ya senti 10 za 1964 na za Edward, na bado natafuta senti 1 ya Bombay ya 1942 ambayo herufi yake inaonekana bila kubishana. Mwenye nayo tubadilishane, mbili zangu kwa moja yako.