Gari Halipandi Ngazi

Jumanne usiku ujumbe umeingia tena. "Kaka, usihangaike na wazee. Si tuna gari? Hawatatembea." Chini yake orodha: Montalcino, Pienza, Montepulciano, halafu Civita di Bagnoregio "tukiwa tunarudi". Siku moja hiyo. Mama ana miaka 74 na vidonge vya presha, baba ana 79 na goti lililowahi kupasuliwa. Wazee wametoka Tanga, mtoto aliyeniandikia anaishi Birmingham, na wote wamefikia nyumba ya shambani nje ya Siena, Italia.

Hiyo "si tuna gari" mimi mpanga safari nimeijibu mara nyingi mno mwaka huu, hadi kidole gumba kinauma. Leo naandika mara moja, anayefuata nitamtumia kiungo.

Gari litakufikisha chini ya kilima. Basi. Miji hii ya Toscana na Umbria ilipandishwa juu makusudi ili mgeni apate taabu kuifikia, na mpaka leo kazi hiyo inaifanya vizuri sana. Paking iko nje ya ukuta. Kuanzia ukuta hadi uwanja wa katikati ni miguu yako, mawe yaliyosuguliwa na karne za viatu, na mteremko ambao simu yako inauonyesha kama kimstari bapa cha kijivu. Montepulciano, ukianzia lango la Porta al Prato hadi Piazza Grande, ni kama kilomita moja ya kupanda tu. Kijana anafika akihema. Mzee mwenye goti anafika akiwa amemaliza siku yake, na saa ni tano asubuhi.

Kwa hiyo nikipanga safari ya wazee, umbali wa barabara huwa nautazama mwisho. Kwanza natafuta: kutoka mlango wa gari hadi kiti cha kwanza cha kukalia ni hatua ngapi, na ardhi imelalaje? Cha pili ni choo. Baadhi ya vidonge vya presha ni vya kukojosha, na mama wa watu hatakwambia mbele ya mkwewe kwamba amebanwa. Atanyamaza na kuacha kunywa maji, mwezi wa saba, jua la bonde la Val d'Orcia kichwani. Mimi nasimama kwenye baa kila baada ya saa moja na nusu bila kuuliza mtu. "Nataka kahawa," nasema. Siku nyingine nakunywa kahawa sita.

Sasa kushuka, maana hapa ndipo watoto wa wazee wanaponimaliza. Wote wanaogopa kupanda. "Tutapanda taratibu, tutapumzika." Sawa, kupanda ni mapafu na moyo, ukisimama vinatulia. Kushuka ni goti, na goti halitulii kwa kusimama katikati ya mteremko. Uzito wote unalala kwenye mguu wa mbele, mawe yanateleza hata bila mvua, na mzee mwenye bakora hana pa kuiegemeza. Niliowaona wakianguka, karibu wote walikuwa wanashuka, wameshiba, wanaelekea kwenye gari. Ndiyo maana huwa nawashusha wazee juu kadiri sheria inavyoniruhusu, au nawapandisha kwa mashine, halafu narudi kuwachukua palepale. Orvieto ina treni ya kamba kutoka stesheni, na paking ya Campo della Fiera ina lifti na ngazi za umeme. Perugia ngazi za umeme zinapita ndani kabisa ya mabaki ya ngome ya Papa Paul III, unapanda huku unatazama kuta za zamani, na wazee hupenda hilo kuliko jumba la makumbusho. Siena zipo, Cortona zipo, Assisi zipo. Tatizo la mashine hizi ni moja: siku mashine zikiharibika, zimeharibika. Mwenye mpango wa pili kichwani ndiye anayekula chakula cha mchana.

Pienza ni dawa. Papa Pius II alizaliwa pale kijiji kikiitwa Corsignano, akakijenga upya kuanzia 1459, na barabara yake kuu ni tambarare karibu yote. Unatoka kwenye gari, unatembea kama unakwenda dukani, upande mmoja jibini la kondoo, upande wa pili bonde lote limetandazwa. Bagno Vignoni nayo haina mlima: katikati ya kijiji, mahali pa uwanja, kuna bwawa la maji ya moto ya chemchemi, na wazee wanakaa pembeni yake wakitazama mvuke. Kuoga hapo marufuku. Lucca pia ni tambarare, na juu ya ukuta wake wa kilomita 4 hivi kuna miti na mabenchi.

ZTL, yaani eneo la mji ambalo magari yamewekewa mipaka. Wengi wanajua kwamba katikati ya mji hupaswi kuingia na gari la kukodi, na bado wanaingia kwa sababu ya neno moja. Kwenye lango kuna ubao wa taa umeandikwa *varco attivo*. Msomaji anawaza: attivo, kazi inaendelea, pamefunguliwa, twende. La! Kinachofanya kazi ni kamera. *Varco attivo* maana yake usipite. *Varco non attivo* ndiyo ruhusa. Nisijifanye mjuzi: mimi niliyejifunza Kitaliano Malindi kwa kuwauzia Wataliano madafu, nikifika huku najiona msomi, niliukanyaga mtego huohuo mwaka wangu wa kwanza. Faini haikupi salamu siku hiyo. Kwa anayeishi nje ya Italia wana hadi siku 360 za kuituma, na kampuni ya gari inakukata ada yake mapema kwa kutoa jina lako tu. Ukiipata, lipa ndani ya siku 5, inapungua asilimia 30. Kama hoteli yako iko ndani ya ZTL, wape namba ya gari kabla hujafika, waiandikishe.

Mengine haraka. Mistari myeupe ya paking ni bure lakini soma kibao, ya buluu unalipa, ya njano si yako. Leseni ya Kenya au Tanzania iende na kibali cha kimataifa. Kodi gari la otomatiki: umezoea kushoto, hapa ni kulia, usijiongezee na gia za mkono kwenye kona za Chianti. (Wa Bukavu na Bujumbura, mnaoendesha kulia, nyinyi endeleeni kucheka.) Gari liwe na kiti cha juu kidogo. Gari la chini la michezo mzee anaingia kama anatumbukia kisimani, na kumtoa ni kazi ya watu wawili.

Chakula: jiko linafunguliwa saa sita u nusu, saa nane u nusu limefungwa, na mpishi hatakuonea huruma ati mzee ana kisukari. Makanisa mengi nayo yanafungwa mchana. Ukipanga miji minne, mmoja utaukuta umelala, na wa pili utaupita mbio ukitafuta mkate.

Ila kuna jambo sijalipatia jibu. Civita di Bagnoregio inafikiwa kwa daraja la miguu tu, kama mita 300, na mwisho wake unapanda kwa ukali. Kuingia unalipa. Miaka kadhaa nyuma nilimkataza bibi mmoja wa Unguja, miaka 81, nikamkalisha kwenye kibaraza cha upande wa pili na juisi, wanawe wakavuka. Nilijiona nimefanya la maana. Yeye alikaa saa nzima akihesabu watu darajani. Waliporudi aliniambia, taratibu, "Wazee wawili wamevuka na mikongojo, mwanangu. Nimewaona." Hatukuzungumza tena hadi hotelini. Hatua zake nilizihesabu vizuri. Sijui nilikosea wapi, au pengine najua.

Familia ya Tanga nimewaandikia hivi. Saa tatu tunatoka. Bagno Vignoni, chai. Pienza, tunakula saa saba kamili, meza nimeshaiweka. Jioni nyumbani kabla jua halijawaingia machoni kwenye barabara ya Cassia. Montepulciano siku nyingine, kwa kibasi kidogo kinachopanda hadi juu. Civita iko Lazio, mkoa mwingine kabisa, "tukiwa tunarudi" yake sijui ni kurudi wapi.

Kijana amekubali, ila ameongeza Orvieto siku ya Ijumaa, kwa sababu baba amesoma habari za Pozzo di San Patrizio na anataka kushuka. Ni kisima alichoamuru Papa Clement VII baada ya Roma kuporwa 1527: ngazi mbili za kuzunguka, moja ya kushuka na moja ya kupanda, nyumbu wenye maji wasikutane njiani. Vidato 248 kwenda chini, 248 kurudi juu, na ukishaanza hakuna mlango katikati. Kijana ananiuliza nimkatalie vipi baba yake.

Nimemwomba anipe namba ya mzee.