Dawati la Jinsia na Watoto: yanayosemwa Tanga na ukweli wake

Jeshi la Polisi Tanzania lilianza kufungua Madawati ya Jinsia na Watoto, yanayopokea taarifa za ukatili wa kijinsia na ukatili dhidi ya watoto, katika vituo vyake baada ya Mtandao wa Polisi Wanawake kuundwa mwaka 2007, na miaka miwili baadaye Sheria ya Mtoto ikaeleza kwa mapana ni nani anayewajibika kumlinda mtoto na kwa njia gani. Hata hivyo, ukikaa barazani Ngamiani au ukiulizia sokoni Makorora, utasikia mambo kuhusu dawati hilo ambayo yanawafanya wazazi wachelewe kulifikia, au wasilifikie kabisa.

“Dawati ni meza tu, ilimradi yupo askari wa kike.”

Hii ndiyo dhana yenye madhara makubwa zaidi, kwa sababu haiko kwa raia peke yao; wapo pia viongozi wanaoamini kwamba kibao kikishatundikwa mlangoni, huduma imeanzishwa. Mtoto anayeulizwa yaliyompata mbele ya kaunta, huku watu waliokuja kuripoti simu zilizoibwa wakisikiliza, hataeleza yote, na katika mji ambao watu wanajuana kwa majina na kwa ukoo, mama yake hatarudi tena. Kinachohitajika kwanza ni chumba cha faragha, ikiwezekana chenye njia ya kuingilia isiyompitisha mtoto kwenye mahabusu. Anahitajika pia askari aliyefundishwa kuzungumza na mtoto, awe mwanamke au mwanamume, anayeweza kuvaa nguo za kiraia na kuchukua maelezo mara moja kwa utulivu, badala ya mtoto kurudia masaibu yake kwa kila anayeingia zamu. Majalada ya watoto nayo yatunzwe mahali ambapo si kila mtu kituoni anaweza kuyafungua.

Jambo linalosahaulika zaidi ni uhamisho. Askari anaweza kujifunza kazi hii, akaaminiwa na walimu na wenyeviti wa mitaa, kisha akahamishiwa mkoa mwingine kabla hajamwandaa wa kumrithi, na dawati likabaki na kibao chake. Kwa maoni yangu, kuwafundisha askari watatu wa kituo kimoja kuna faida kuliko kumfundisha mmoja mmoja katika vituo vitatu.

Polisi pia hawawezi kuibeba kazi hii peke yao. Afisa Ustawi wa Jamii yuko chini ya halmashauri, daktari yuko hospitali, mwendesha mashtaka ana ofisi yake, na Sheria ya Mtoto imeipa serikali ya mtaa wajibu wa kulinda ustawi wa watoto walio katika eneo lake. Dawati lisilo na namba ya simu ya Afisa Ustawi anayepokea hata usiku litamsikiliza mtoto vizuri, kisha litamrudisha alale nyumba moja na aliyemdhuru.

“Ukimpeleka mtoto polisi, atalala ndani.”

Mtoto aliyetendewa ukatili ni mhanga na shahidi, wala hana sababu ya kuwekwa mahabusu. Hofu hii inatokana na kuchanganya mambo mawili, kwa maana dawati hukutana pia na watoto wanaotuhumiwa. Hao nao wana kinga zao: aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kwa kosa la jinai; aliye chini ya miaka 12 hawajibiki mpaka ithibitike kwamba aliweza kujua kuwa anachofanya si halali; na Sheria ya Mtoto inakataza mtoto yeyote kuhukumiwa kifungo gerezani. Mashauri yao husikilizwa na Mahakama ya Watoto, bila hadhara, na Tanga ni miongoni mwa mikoa michache yenye mahabusu ya watoto, iliyotengwa na ya watu wazima.

“Lazima mzazi ndiye ashitaki.”

Sivyo. Sheria inampa kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto kudhulumiwa wajibu wa kuzifikisha kwa mamlaka ya serikali ya mtaa. Hili lina uzito wake hapa kwetu, kwa kuwa wapo mabinti wanaotoka Lushoto na Korogwe kuja mjini kufanya kazi za ndani, na binti wa namna hiyo anaweza kukosa ndugu hata mmoja karibu naye. Jirani, mwalimu wa madrasa au mama wa genge anaweza kuanza naye safari ya kwenda kituoni, au kupiga simu namba 116, ambayo ni ya kusaidia watoto na haina malipo.

“Kwanza PF3, hospitali baadaye.”

Kazi ya PF3, yaani fomu ya polisi inayojazwa na daktari, ni kufikisha mahakamani kile alichokiona daktari. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya kubakwa zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyofaa zaidi. Kwa hiyo mtoto aliyeumizwa apelekwe Hospitali ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu, fomu ifuate, na asiogeshwe wala nguo zake zisifuliwe kabla hajapimwa.

“Wazee wa pande zote mbili wameshakaa.”

Kubaka ni kosa kubwa la jinai, na mshitaki ni Jamhuri. Familia zikipokea ng’ombe au fedha, kosa linabaki palepale, na mwenye mamlaka ya kuiondoa kesi mahakamani ni Mkurugenzi wa Mashtaka, si mjomba. Madai kwamba binti wa miaka 15 “alikubali” hayamwokoi mtuhumiwa aliyelala naye nje ya ndoa, kwa kuwa sheria haiutambui ukubali wa aliye chini ya miaka 18.

“Ushahidi wa mtoto hauna nguvu.”

Tangu mabadiliko ya mwaka 2016, mtoto mwenye umri usiozidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, baada ya kuahidi kusema ukweli. Katika makosa ya kujamiiana, mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli, inaweza kumtia mshitakiwa hatiani kwa ushahidi wa mtoto huyo peke yake.

“Ni dawati la wanawake.”

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba takriban wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wametendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Mvulana anayeambiwa kwamba mambo hayo ni ya wanawake ataondoka bila maelezo yake kuandikwa, ndiyo maana askari wa dawati anapaswa kumpokea na kumuuliza kwa uangalifu uleule anaompa dada yake.