Maana ya "Communication deferred" kwenye BOINC

BOINC ni programu inayotumia nguvu ya kompyuta yako ambayo ingekaa bure, ikaifanyisha hesabu za watafiti. Kila kundi la watafiti lina mradi wake: Einstein@Home hutafuta pulsa (nyota zilizokufa zinazotoa mipigo ya mawimbi) na mawimbi ya mvutano angani. Rosetta@home hukokotoa maumbo ya protini. Kompyuta hupakua kazi, huikokotoa hata bila mtandao, kisha hurudisha matokeo kabla ya tarehe ya mwisho. Intaneti inahitajika kwa vipindi tu, na hilo linamfaa mtu wa Tabora au Kigoma anayeishi kwa bando.

Kinachowatia watu wasiwasi ni maneno "Communication deferred" yanayotokea kwenye hali ya mradi, mbele yake saa inayohesabu kurudi nyuma. Maana yake ni kwamba jaribio la kuwasiliana na seva, yaani kompyuta kuu ya mradi, limeshindikana, au seva yenyewe imeagiza isubiriwe, na programu haitajaribu tena mpaka muda huo uishe. Huko kusubiri si hitilafu.

Seva ya mradi huhudumia maelfu ya mashine. Ikizimika kisha ikawaka, mashine zote zikaigonga kwa mkupuo, itaanguka tena. Ndiyo maana kila jaribio likifeli muda wa kusubiri hurefushwa, kuanzia kama dakika moja hadi saa kadhaa, tena kwa kubahatisha ili mashine zisirudi pamoja. Ubaya wake ni huu: bando limekata usiku, asubuhi umejiunga jingine, kila tovuti inafunguka, lakini BOINC bado imelala kwa sababu saa yake haijaisha. Chagua mradi, bonyeza "Update". Kwa mafaili yaliyokwama, nenda menyu ya Tools, "Retry pending transfers". Anayetumia Linux kwa amri za maandishi tu, bila dirisha la BOINC, aandike `boinccmd --network_available`. Mara moja inatosha. Ukibonyeza mfululizo seva itakujibu kwamba ombi lako la mwisho ni la juzijuzi mno, na hutapewa kazi.

Muda ukirudi palepale baada ya hapo, ndipo kuna tatizo la kutafuta. Fungua kumbukumbu ya matukio kwa Ctrl+Shift+E. Mawasiliano na mradi yakishindikana, BOINC hujaribu kufikia tovuti nyingine kubwa ili ijue kosa liko upande gani. Ukikuta "Internet access OK - project servers may be temporarily down", mashine yako ni nzima na mradi ndio uliolala, iache. Ukikuta "BOINC can't access Internet", shughulika na upande wako.

Upande wako huwa na mambo machache yanayojirudia. "Couldn't resolve host name" ni kwamba jina la seva halikupatiwa anwani: data imezimwa, hotspot ya simu imejizima, au bando limekwisha huku alama ya Wi-Fi ikiwa imejaa. Alama hiyo huonyesha tu kwamba laptop imeshikana na simu. Vijiji vya mpakani kama Kagunga na Manyovu vina la ziada: simu ikidaka mnara wa Burundi, mtandao unaonekana upo lakini data haipiti kwa kuwa roaming imezimwa. Chagua mtandao wako kwa mkono kwenye mipangilio ya simu.

"Couldn't connect to server" au "Timeout was reached" ni kwamba anwani imepatikana lakini mlango haukufunguka. BOINC hutoka kwa milango ya mtandao (ports) namba 80 na 443, ile ile ya kivinjari. Tovuti ya mradi ikifunguka kwenye kivinjari na BOINC ikigoma, mshuku antivairasi au ukuta wa moto unaozuia programu hiyo peke yake, au proksi (seva ya kati inayopitisha mtandao) ya chuo au ofisi ambayo kivinjari kinaijua na BOINC haijaambiwa. Proksi hujazwa kwenye Options, "Other options".

Kosa linalotaja cheti, yaani "certificate", hati ya kidijitali inayothibitisha kwamba seva ni ya kweli, linafaa kutazamwa kwa makini kwa sababu chanzo chake mara nyingi hakina uhusiano na mtandao. Tazama tarehe iliyo mwanzoni mwa mistari ya kumbukumbu. Kompyuta ya mezani yenye betri ya ubao mama iliyokufa, kwa kawaida CR2032, husahau tarehe kila umeme ukikatika na kurudi miaka nyuma. Vyeti vya seva vyote vinaonekana havijaanza kutumika. Rekebisha saa, kisha badilisha betri, la sivyo kesho ni yale yale. Saa moja ya tofauti kati ya Tanzania na Burundi haina madhara hapa.

Kuna pia kosa lisilohusu intaneti kabisa: dirisha la BOINC linaposema halijaunganishwa na mashine hii hii. Dirisha na injini ya hesabu ni programu mbili zinazoongea kwa mlango 31416. Kwenye Linux hakikisha huduma inaendeshwa kwa `systemctl status boinc-client`, na kwamba jina lako limo kwenye kundi la boinc, vinginevyo dirisha haliwezi kusoma nenosiri lililo ndani ya gui_rpc_auth.cfg.

Kabla ya kubomoa chochote, kagua menyu ya Activity: huenda mtandao umesimamishwa hapo, au ulijiwekea kikomo cha megabaiti na kimefika. Kwenye Android, kutumia Wi-Fi tu ni mpangilio wa kawaida. Usikimbilie "Reset project". Hiyo hufuta kazi zote za mradi huo, pamoja na matokeo yaliyokamilika yanayongoja kupakiwa. Na kama mradi unaoungoja ni SETI@home, ule uliotafuta ishara za viumbe wenye akili angani, uondoe tu: uliacha kugawa kazi mwezi Machi 2020.