Je, wajua sarafu ya ndani ya gemu hupigiwaje hesabu ya pesa halisi?

Mpwa wangu wa miaka kumi na mmoja alinijia juzi na simu mkononi. "Mjomba, mimi nina Robux elfu moja na mia saba. Ni shilingi ngapi?" Nikadhani ni swali la dakika moja. Lilinila jioni nzima, na jibu nililompa halikumfurahisha.

Robux ni sarafu ya Roblox, jukwaa ambalo watoto hucheza gemu zilizotengenezwa na wachezaji wenzao. Hesabu ya kwanza ni nyepesi. Kwa miaka mingi kifurushi cha Robux 1,700 kimeuzwa dola 19.99. Basi kijana ana dola 20, karibu shilingi elfu hamsini za Tanzania. Akatabasamu.

Lakini ingia duka lolote la kubadilishia fedha, utaona ubao una safu mbili: kununua na kuuza. Dola unayoipeleka wewe haipati bei ya ile unayoichukua, na tofauti hiyo ya shilingi kadhaa ndiyo chakula cha mwenye duka. Roblox nayo ina safu ya pili. Mtengenezaji wa gemu aliyelipwa Robux na wachezaji anaweza kuzirudisha kwa kampuni akapewa dola. Kiwango kilikaa muda mrefu kwenye dola 0.0035 kwa Robux moja, Septemba 2025 kikapanda hadi 0.0038. Zidisha kwa 1,700, unapata dola 6 na senti 46. Kilichonunuliwa kwa ishirini kinarudi sita na ushei. Duka la fedha lenye pengo kama hilo wateja wangelihama siku hiyo hiyo.

Na bado. Kampuni haibadilishi chini ya Robux 30,000, tena lazima ziwe za kuchuma, si za kununua. Za mpwa wangu alinunuliwa na mama yake. Jibu la tatu, kwa hiyo, ni sifuri. Ishirini, sita, sifuri: zote tatu ni sahihi, inategemea umesimama upande gani wa kaunta.

Aliyelifanya swali hili liingie vitabuni mwa wachumi ni Edward Castronova. Mwaka 2001 alikuwa akifundisha California State University, Fullerton, na akicheza EverQuest, gemu iliyotoka 1999. Ndani yake maelfu ya watu hukutana kwenye ulimwengu uitwao Norrath, wakaua madubwana na kuokota vipande vya platini. Castronova aliona platini hizo zinapigwa mnada eBay na kwingineko kwa dola za kweli. Mnunuzi analipa huku nje, kisha wawili hao wanakutana mahali walipokubaliana ndani ya gemu, muuzaji anamkabidhi mwenzake mzigo, biashara imekwisha.

Mchumi huyu hakukaa kujiuliza platini ilistahili thamani gani. Alichukua bei ambazo watu walikuwa wamekwisha lipana, akagawa kwa idadi ya vipande. Kipande kimoja kikatoka dola 0.0107, yaani senti moja ya Marekani na kidogo juu. Siku hizo yeni ya Japani na lira ya Italia zote zilikuwa chini ya hapo. Akaendelea: mchezaji akikaa kwenye kiti chake anazalisha vitu vya kama dola 3.42 kwa saa, na pato la kila mkazi wa Norrath ni dola 2,266 kwa mwaka, katikati ya Urusi na Bulgaria.

Mimi namba ya kwanza naiamini kuliko ya mwisho. Bei ya platini ilitokana na mauzo yaliyofanyika kweli. Pato la nchi nzima lilipatikana kwa kuchukua bei za wachache waliouza na kuwapaka wote, wakiwemo ambao wasingeuza kitu maisha yao yote. Wangeamka siku moja wakauza wote, soko la platini lingegeuka la nyanya za msimu.

Si kila gemu huacha mlango wa kutokea. Nyingine hutumia vocha, na mambo ya vocha Afrika Mashariki tunayajua. Uganda, kabla pesa za simu hazijafika, mtu wa Kampala aliyetaka kumtumia mama yake hela alinunua vocha, akapiga simu kwa mwenye kibanda cha simu kijijini, akamsomea namba. Mwenye kibanda akajiongezea muda wa maongezi, akakata chake, kilichobaki akampa mama taslimu. Vocha iliyotengenezwa iende upande mmoja tu ikawa pesa, kwa sababu alikuwepo mtu upande wa pili aliye tayari kuipokea.

EVE Online, gemu ya vyombo vya anga ya kampuni ya CCP ya Iceland, ina vocha ya namna hiyo. Inaitwa PLEX. Unainunua kwa dola, na ukitaka unamuuzia mchezaji mwingine kwa sarafu ya ndani, ISK. (Herufi hizo hizo ndizo kifupi cha krona ya Iceland, wenyewe walijua wanalolifanya.) Kurudi nyuma, kutoka ISK hadi dola, ni marufuku.

Tarehe 27 na 28 Januari 2014 kulipiganwa humo vita ambavyo habari zake zilifika hadi magazeti ya kawaida. Chanzo chake kilikuwa bili: malipo ya kumiliki eneo liitwalo B-R5RB hayakulipwa, wapinzani wakaona upenyo. Maelfu ya wachezaji walipigana kwa takriban saa 21, na meli 75 za aina ya Titan, kubwa kuliko zote, zikateketea. Vichwa vya habari vikasema zimeungua dola 300,000 na zaidi.

Hesabu yenyewe hii hapa. Hasara ilikadiriwa kuwa ISK trilioni 11. Wakati ule PLEX moja ilikuwa ikiuzwa ISK milioni mia sita na kitu. Gawanya kwa milioni 650, unapata vocha kama 17,000. Kila vocha ilikuwa dola 20, pungufu kidogo ukinunua kwa wingi. Ndiyo hizo laki tatu na ushei.

Hesabu ni safi, ila ni ya safu ya kununua peke yake. Inakwambia ingekugharimu kiasi gani kuzirudisha meli zile kwa kutumia vocha. Haisemi kwamba kuna mtu alitoa dola hizo mfukoni, maana nyingi ziliundwa kwa madini yaliyochimbwa na wachezaji kwa miezi. Wala haisemi kwamba mwenye Titan angezipata kama angeamua kuuza asubuhi ya vita. Gazeti likiandika "thamani" bila kutaja safu, mimi huweka alama ya kuuliza pembeni.

Jambo jingine linaloharibu makadirio ni muda. Ndani ya gemu kila dubwana likiuawa linadondosha dhahabu mpya, na hakuna benki kuu ya kufunga bomba. Gemu ya World of Warcraft ilipoleta tokeni yake, vocha kama PLEX, ya dola 20 huko Marekani, Aprili 2015, ilianzia dhahabu 30,000. Ikashuka ndani ya siku chache, baadaye ikapanda hadi malaki. Kwa hiyo hesabu isiyo na tarehe haina kazi. Gemu nyingine, Diablo III, iliyaona makali zaidi: ilikuwa na soko la mnada la dola halisi, na Mei 2013 hitilafu ikawaruhusu wachezaji kuzalisha dhahabu kutoka hewani kwa matrilioni. Soko hilo likafungwa Machi 2014.

Sasa, vipi gemu ambayo haina vocha, haina mnada, unacheza peke yako sebuleni? Hapo kuna njia ya kapu la bidhaa, ile ile wanayotumia wapima mfumuko wa bei. Jarida la The Economist tangu 1986 hulinganisha sarafu za dunia kwa bei ya mkate mmoja wa nyama, Big Mac. Sisi tungetumia chapati. Tafuta ndani ya gemu kitu kinachouzwa pia nje, linganisha.

Jaribu kwa Pokémon za kwanza, zilizotoka Japani mwaka 1996. Katika toleo la Kijapani fedha yake ni yeni hasa. Kuna mashine ya vinywaji juu ya duka kubwa: maji 200, soda 300, limonadi 350. Miaka hiyo kopo kwenye mashine za mitaani Japani lilikuwa kama yeni 110. Kwa kipimo cha maji, basi, yeni ya gemu ni kama nusu ya yeni ya kweli. Inaelekea. Kisha unaingia duka la baiskeli, unakuta baiskeli moja ni 1,000,000. Kwa kipimo hicho yeni ya gemu haifiki hata robo ya robo ya ya kweli.

Kinachonifurahisha ni kwamba pochi ya mchezaji katika gemu hiyo haiwezi kuzidi 999,999. Bei ya baiskeli imezidi uwezo wa pochi kwa yeni moja. Si bei, ni mlango uliofungwa kwa namba, na ufunguo wake ni hati unayopewa bure na mzee mmoja mjini. Mwenye kukokotoa kapu lazima akitoe kitu kama hicho, la sivyo ataandika upuuzi wenye desimali.

Nilimweleza mpwa wangu yote haya. Alisikiliza, akafikiri kidogo. "Kwa hiyo mjomba, nikikuuzia wewe akaunti?" Nikamwambia masharti ya gemu hayaruhusu. Akasema hajauliza masharti, ameuliza bei. Basi nikamuuliza yeye anataka ngapi.

"Elfu hamsini."

Nikamwambia elfu kumi na tano. Hatujaafikiana.