Bia ya Kujipongeza Baada ya Safari: Tunayoyaamini na Yalivyo

Begi limeshatuliwa, kamba za buti zimelegezwa, nyayo zinawaka, mara mwenzako anachomoa bia mbili za baridi. Kwa wakati huo sijui kinywaji kinachoishinda, hasa ikiwa ni bia ya krafti, ile inayopikwa na mtengenezaji mdogo, kidogo kidogo, kila moja na harufu yake: hii ya machungwa, ile ya kahawa iliyokaangwa. Ila utamu wake unatufanya tuizulie kazi. Mara ni maji, mara ni dawa ya misuli, mara ni blanketi. Mimi naona ni zawadi tu, na nyingi ya dhana potofu zinazoizunguka ni visingizio vya mtu anayeona haya kusema nimeinywa kwa sababu naipenda.

"Bia ni maji, kwa hiyo inarudisha maji mwilini"

Mwanzo wa sentensi ni kweli: zaidi ya asilimia 90 ya bia ni maji. Kasoro iko kwenye hitimisho. Kilevi huizuia vasopresini, homoni inayoziamuru figo zihifadhi maji. Homoni hiyo ikipungua, figo hufungulia na wewe unaanza safari za msalani. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 1997, watu walitolewa jasho kwa mazoezi kisha wakapewa vinywaji vyenye kilevi cha asilimia 0, 1, 2 na 4. Mpaka kwenye 2 hakukuwa na tofauti kubwa. Kwenye 4, mkojo ulielekea kuongezeka na ujazo wa damu ukachelewa kurudi ulipokuwa. Sasa geuza kopo ulilonalo usome ubavuni: bia nyingi za krafti zina 5 au zaidi, na zile IPA (bia chungu zenye hopsi nyingi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu) zilizoongezwa hopsi maradufu hufika 8 na kupita. Tena jasho limeondoka na chumvi, na bia haina chumvi ya kulipa deni hilo.

Wapo pia waliokimbilia upande wa pili, wanaosema bia moja "inakukausha". Nao wamezidisha. Aliyekwisha kunywa maji ya kutosha na kula kitu chenye chumvi hadhuriki kwa namna hiyo na kopo moja. Utaratibu wangu ni maji kwanza mpaka kiu iishe, halafu chakula, bia mwisho. Sababu yangu kubwa wala si ya afya. Bia inayonywewa kwa kiu haionjwi. Inapita kooni kama maji ya bomba, na kabla hujajua imekuwaje umeshashika ya pili.

"Ukiwa umelowa na baridi, bia itakupasha moto"

Hii ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Kilevi hufungua mishipa midogo ya ngozi, damu ya moto hukimbilia juu, nawe unahisi joto. Kumbe joto hilo ndilo linalotoka mwilini kwenda zake! Ndani unazidi kupoa huku usoni umeiva. Badilisha nguo kwanza, ule, unywe kitu cha moto.

Picha ya mbwa wa Saint Bernard mwenye kipipa cha pombe shingoni imechangia sana imani hii. Mchoraji wa Uingereza, Edwin Landseer, aliuchora mwaka 1820 mchoro wa mbwa wawili wakimwokoa msafiri kwenye theluji, mmoja akiwa na kipipa, na dunia ikaamini. Mbwa hao waliishi kweli na watawa wa milima ya Alps huko Ulaya na waliokoa watu kweli. Kipipa hakina ushahidi.

"Bia inajenga misuli upya"

Kopo la mililita 330 lina wanga wa gramu kumi na kitu hivi. Mtu wa kilo 70 aliyetembea au kuendesha baiskeli kutwa nzima hushauriwa kupata kama gramu 70 kwa saa katika saa za mwanzo. Sahani ya wali itamfikisha huko upesi kuliko kopo lolote.

Wanaoipinga bia nao wana silaha yao: utafiti wa mwaka 2014 ulioonyesha kuwa kilevi baada ya mazoezi kilipunguza utengenezaji wa protini za misuli kwa asilimia 24, hata pale washiriki walipopewa protini. Ni kweli, lakini tazama kipimo. Walipewa gramu 1.5 za kilevi kwa kila kilo ya mwili, yaani kwa mtu wa kilo 80 ni karibu makopo tisa. Huko si kujipongeza tena.

Nao utafiti wa wakimbiaji wa marathoni ya Munich ya mwaka 2009, unaotajwa kila mtu anapotaka kuitetea bia, ulikuta waliokunywa bia wana uvimbe wa ndani ya mwili uliopungua na mafua machache kuliko wenzao. Wanaoutaja huruka neno moja: bia hiyo haikuwa na kilevi.

"Nyeusi ndiyo kali"

Rangi hutokana na kimea kilivyokaangwa, basi. Guinness ya pipa ni nyeusi ti na ina asilimia 4.2. Duvel ya Ubelgiji inang'aa kama dhahabu na ina 8.5.

"Bia nzuri ni ya chupa, kopo ni la bia rahisi"

Kwa msafiri hapa ndipo penye mengi. Adui wa bia ni mwanga, hewa na joto la muda mrefu. Mwanga ukiipiga hopsi huzaa kemikali ya salfa yenye harufu ya kukumbusha kicheche, na chupa ya kijani au nyeupe haizuii vya kutosha. Ya kahawia huzuia sehemu kubwa. Kopo huzuia wote, tena kwa ndani limepakwa utando, bia haigusi chuma. Oskar Blues wa Colorado, Marekani, walianza kutia bia yao ya krafti kwenye makopo mwaka 2002, watu wakawashangaa. Leo hakuna anayeshangaa. Kopo ni jepesi, halivunjiki begini, na likiisha unalikanyaga unarudi nalo nyumbani.

Na ile hofu kwamba bia iliyopoa ikapata joto isipoozwe tena? Haina msingi. Joto la siku nyingi huiharibu, si kule kupanda na kushuka mara moja. Iweke kwenye kijito, ifunge vizuri isichukuliwe na maji (nimeshaikimbilia moja bila viatu), nayo itapoa haraka kuliko kwenye hewa ya baridi ileile, kwa kuwa maji hunyonya joto mara 20 na zaidi kuliko hewa. Pasipo kijito, kitambaa kibichi kwenye upepo hufanya kazi. Ila usiitamani iwe barafu. Baridi kali huua harufu uliyoilipia, na bia nyeusi nzito hunoga zaidi kwenye nyuzi kumi na kitu.

"Kilele ndiyo mwisho, fungua hapohapo"

Kileleni ni nusu ya njia, na kushuka huchosha magoti na akili. Kwenye miinuko mikubwa kuna jambo la ziada: kilevi hupunguza kasi ya kupumua usingizini, na maumivu ya kichwa na kichefuchefu cha ulevi hufanana mno na dalili za ugonjwa wa mwinuko, usijue unaumwa nini. Madaktari wa wasafiri hushauri kuacha pombe saa 48 za mwanzo ukiwa juu.

Kahawa haiondoi kilevi, wala maji ya baridi kichwani. Kopo la mililita 330 la asilimia 5 lina gramu 13 za kilevi, na ini hushughulikia kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, haliharakishwi. Hesabu saa moja na nusu au mbili kwa kila kopo, kabla ya usukani na kabla ya kuogelea pia. Ndiyo maana kopo letu hubaki chini, njia inapoishia, ndani ya ndoo ya maji ya baridi, na funguo za gari huwa mfukoni mwa yule anayekunywa soda.